Mati humsamehe fundi, haimsamehe mwenye gari

Wateja wanaoniletea Peugeot 504, Datsun na Mercedes za miaka ya 70 wameanza kuniomba mati, ile rangi isiyong'aa, na sababu wanazotoa ni zile zile. Wameiona kwenye picha wakaipenda. Wanadhani ni rahisi kutunza. Tena kwa kuwa haing'ai, wanaamini bei yake ni ya chini. Ya kwanza sibishani nayo, kila mtu na jicho lake. Hizo mbili nyingine ni kinyume cha mambo yalivyo, na heri mtu azijue kabla hajalipa arubuni.

Rangi ikikauka na ngozi yake ya juu ikawa laini kabisa, mwanga unaoipiga hurudi wote upande mmoja, ndipo unapoona sura yako na mawingu juu ya boneti. Hiyo ni glosi. Mati imechanganywa na unga laini mno, mara nyingi wa silika, unaojitokeza kwenye ngozi ya juu na kuijaza vinundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mwanga ukigonga vinundu hivyo hutawanyika kila upande, kama jua linavyovunjika juu ya bahari yenye viwimbi. Viwandani mng'ao hupimwa kwa kifaa kinachorusha mwanga kwa pembe ya digrii 60. Kioo cheusi kilicholainishwa huhesabiwa 100. Rangi ikivuka 70 huitwa glosi kamili, ikishuka chini ya 10 ni mati. Katikati ndipo ilipo satini, ambayo watu huisahau ilhali nyakati nyingine ndiyo waliyokuwa wakiitafuta.

Vile vinundu ndivyo vyenye habari yote. Chochote kinachovisugua huvilainisha, na palipolainika huanza kung'aa. Mlango wa dereva, pale kiwiko kinapopumzika kwenye foleni. Kando ya kishikio, pale kucha zinapopita. Ukingo wa buti unaosukumwa kwa kiganja kila siku. Baada ya muda gari la mati hupata mabaka yanayong'aa sehemu hizo hizo, na hakuna dawa ya kuyaondoa. Kwenye glosi, mchubuko ambao haujavuka klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi, naushughulikia asubuhi moja: msasa namba 2000 kwa maji, kisha 3000, kisha kompaundi na polishi, mwenyewe asijue ulikuwa wapi. Kwenye mati, msasa na kompaundi ndivyo vinavyoua mati yenyewe. Mchubuko wa urefu wa kidole unadai mlango mzima upakwe upya, na kuupata mng'ao uliolingana na mlango wa jirani ni shughuli nyingine.

Hapa Mombasa tuna kunguru pia. Kinyesi cha ndege kikikaukia juani juu ya rangi yoyote huila, lakini kwenye glosi alama nyingi huondoka kwa kung'arisha. Kwenye mati alama imehamia. Gari linalolala chini ya mwembe usilipake mati, ndivyo ninavyowaambia, na wapo wanaocheka wakidhani natania.

Kuhusu bei: kazi ya mati haina pa kurekebishia. Ninapopulizia glosi, punje ya vumbi ikianguka kwenye klia mbichi sishtuki, kwa kuwa ikishakauka naikata kwa msasa na kung'arisha. Punje hiyo hiyo kwenye klia ya mati itabaki humo milele, au nirudie paneli nzima. Unga nao huzama chini ya kopo, kwa hiyo rangi isipokorogwa sawasawa, milango hutoka na mng'ao mmoja na madigadi na mwingine. Tabaka likiwa zito mng'ao hubadilika. Ukichelewa kati ya tabaka na tabaka hubadilika. Joto na unyevu wa hewa navyo vina lao. Ndiyo maana mati hutaka gari zima lipuliziwe kwa mchanganyiko mmoja, mkono mmoja, ndani ya chumba kilichofungwa chenye hewa iliyochujwa. Fundi anayekuahidi mati nzuri chini ya mkorosho kando ya barabara ya vumbi, mwulize atafanya nini upepo ukivuma. (Na mwangalie puani: hadena, yaani kigumishi kinachochanganywa kwenye rangi za 2K, zile za vijenzi viwili, ina kemikali ziitwazo isosianati zinazoharibu mapafu, na kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii kitu.)

Sasa, mati ina msamaha mmoja, nao ni kwa fundi wa bodi. Kwa kuwa haiakisi, haionyeshi mawimbi ya bodi. Kabla sijapaka glosi, hasa nyeusi, nalowesha bodi kwa maji, nainama mpaka jicho liwe sambamba na paneli, kisha natazama taa ya tyubu iliyoko darini inavyojichora kwenye ule unyevu. Mstari wa taa ukinyooka kutoka madigadi ya mbele hadi taa za nyuma, kazi imekwisha. Ukipinda hata kidogo katikati ya mlango, puti, ile lipu ya kujazia mabonde ya bodi, bado haijakaa, narudi kwenye msasa. Kwenye mati mstari huo hauonekani kabisa, na shimo lililojazwa puti kwa haraka hujificha vizuri mno.

Kwa hiyo ukiuziwa gari la zamani lililopakwa mati juzi juzi, tahadhari. Si kila muuzaji ni mwongo, lakini chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa uipitishe polepole juu ya matao ya magurudumu na sehemu za chini za milango. Inaposhindwa kung'ang'ania, chini yake kuna puti nene. Usijaribu hivyo kwenye bodi ya Land Rover ya kale, utaogopa bure. Hiyo ni ya aluminiamu, iliyochaguliwa mwaka 1948 kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na sumaku haiishiki hata ikiwa safi kama siku ilipotoka kiwandani.

Halafu kuna swali la gari lenyewe ni la aina gani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 20 magari mengi yalipakwa vanishi za mafuta, kazi iliyochukua wiki kadhaa kukauka. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ikaleta Duco, rangi ya nitroselulosi iliyokauka kwa saa chache, na familia hiyo ndiyo tunayoiita NC hadi leo. NC haitoki ikiwa na mng'ao mkubwa. Mng'ao wake huja kwa kusuguliwa. Na pwani ina ugomvi nayo: hewa ikiwa na unyevu mwingi, thina inayokimbia haraka huipoza ngozi ya rangi, unyevu unaganda juu yake na rangi inapiga ukungu mweupe. Mati ya bure hiyo, ambayo hakuna aliyeiomba. Dawa yake ni thina ya polepole, au kungoja siku kavu.

Rangi za 2K zilipoenea, kazi ikawa rahisi zaidi, lakini zikaleta tabia moja ninayoipiga vita: kumwaga klia juu ya klia mpaka 504 nyeupe ing'ae kuliko ilivyowahi kung'aa katika maisha yake. Gari la miaka ya 70 la rangi tupu, isiyo na chembe za metali, lilikuwa na glosi ya moja kwa moja bila klia. Inang'aa, ila kwa upole, na mikunjo ya bodi inasomeka. Kwa nyeupe, krimu, bluu ya mbingu au nyekundu ya kawaida, nashauri 2K ya hatua moja, isuguliwe na kung'arishwa kidogo, basi. Klia iachiwe rangi za metali, maana hizo hazina budi nayo.

Je, mati haina mahali pake kwenye gari la zamani? Inapo, tena pa heshima. Jipu za Willys za Vita vya Pili zilitoka na kijani cha jeshi kisichong'aa ili zisionekane kwa mbali, na kuipaka glosi jipu ya namna hiyo ni kuivua nguo zake. Vyumba vya injini na chasisi za magari mengi ni nyeusi za satini. Halafu kuna boneti. Datsun 240Z aliyoshinda nayo Edgar Herrmann Safari Rally ya 1971, na ile ya Shekhar Mehta ya 1973, zilikuwa nyekundu zenye boneti nyeusi ya mati. Halikuwa pambo. Jua la mchana likigonga boneti inayong'aa humrudia dereva machoni. Opel ilifanya hivyo hivyo kwenye Kadett Rallye, na Ford ya Marekani kwenye Mustang Mach 1 ya 1969.

Ndiyo maana kijana akija na Datsun yake na kuniambia, "Fundi, nataka mati yote," humjibu, "Tukupe boneti, mwanangu, kwingine tuache glosi." Wengi hukubali wakishaona gari likiwa juani. Boneti ikichakaa, ni paneli moja tu ya kurudia.

Kuna njia ya stika, yaani kulivisha gari plastiki ya mati badala ya kulipaka. Kwa rangi mpya na imara ni jaribio zuri, kwa kuwa unaweza kuibandua. Kwa rangi ya NC ya miaka mingi, au iliyopakwa juu ya praima mbovu, stika ikibanduliwa huondoka na rangi. Jaribu kwanza kipande kidogo ndani ya mdomo wa buti.

Na kwa aliyekwisha kuamua kwamba ni mati tu: maji mengi kwanza kuondoa mchanga, usipanguse vumbi likiwa kavu, shampuu isiyo na waksi, kitambaa laini kisichotumika kwenye rimu, kausha kwa kugusa, si kwa kusugua. Waksi na polishi za kawaida ziache dukani. Tatizo kubwa ni vijana wa kuosha magari, ambao kwa nia njema kabisa watakumalizia kazi kwa silikoni ya dashibodi ili "ling'ae, mzee." Simama hapo hapo wakiosha.