Yule mwenye sweta ya kijani

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari alituletea picha ya vijana saba wamesimama mbele ya ukumbi wa Chimwaga. Mashati yamechomekewa vizuri, viatu vimejaa vumbi. Nyuma ya picha hamna hata herufi moja. Yeye mwenyewe yumo, wa pili kutoka kushoto, lakini majina ya wenzake wawili yamemtoka kabisa.

Ukumbi huo ulikitangulia chuo chetu, Chuo Kikuu cha Dodoma. Ulikuwa wa mikutano ya CCM, na ndimo Mei 2005 Jakaya Kikwete alimopitishwa kugombea urais, Benjamin Mkapa akiwa mwenyekiti wa chama. Chuo kilipoanzishwa 2007, Kikwete alikuwa Rais na Mkapa akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Habari za wakubwa hao zimeandikwa tele. Mimi mtu wa nyaraka nawahofia wale saba.

Tukiulizwa wahitimu wetu wamefanya nini, muulizaji hungoja majina ya wabunge na wakurugenzi. Hao magazeti yanawatosha. Muuguzi wa zamu ya usiku, au mwalimu pekee wa fizikia shuleni kwake, nani kamwandika?

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana nacho kilianza 2007, papa hapa Dodoma, kwenye majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo, iliyobeba jina la mtemi wa Wagogo. Mkute mzee aliyesoma Mazengo, umwulize bweni lake lilikuwa wapi. Mtatembea naye, atanyoosha kidole, atabishana na mwenzake. Wazee hao wanapungua. Waliotoka kidato cha sita wakaingia nasi 2007 hawajagonga hamsini, na simu zao zinapatikana.

Kwa hiyo leo, kabla ya chakula cha jioni, toa albamu. Laza picha kifudifudi juu ya meza safi, uandike nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza: majina kuanzia kushoto, mahali, mwaka, na aliyepiga. Kalamu ya wino achana nayo. Huvuja, na alama zake hutokeza upande wa pili. Picha za simu zihifadhi sehemu mbili, na faili ulipe jina linaloeleweka badala ya tarakimu zilizotoka na kamera. Barua ya kujiunga, kitambulisho cha zamani, ratiba ya mtihani, vyote vina thamani kwetu. Ila usivitie laminesheni, nakuomba. Watu hudhani wanavitunza, kumbe ule moto na gundi havibanduki tena, karatasi ikaharibika humo humo.

Juzi mwalimu alipiga simu. Kundi la WhatsApp la darasa lao limempata wa sita: ni afisa ugani. Wa saba bado tumemwandika kwa penseli, "mwenye sweta ya kijani", na alama ya kuuliza.