Je, wajua kwa nini picha za rangi katika vitabu vya zamani vya wavulana Waingereza ziko mbali na hadithi zake?

Boy's Own Paper (lililoanza 1879) na Chums (1892) yalikuwa majarida ya wavulana wa Uingereza ambayo matoleo yake ya mwaka mzima yalijalidiwa kuwa kitabu kimoja. Humo picha ya rangi ya vita vya baharini yaweza kuwa katikati ya makala ya kriketi, na chini yake pameandikwa namba ya ukurasa wa hadithi inayohusika. Mhariri hakukosea. Kisa ni karatasi.

Hadithi zilichapwa kwenye karatasi ya bei nafuu, yenye uso wa kukwaruza. Karatasi hiyo huwezana na mchoro wa kalamu. Mchoro ulipigwa picha, ukahamishiwa kwenye bamba la zinki, asidi ikala sehemu zisizo na mstari, kisha bamba likapangwa sambamba na herufi za risasi na kuchapwa nazo kwa mpigo mmoja. Wachoraji wengi walichora kwa ukubwa zaidi, kamera ikapunguza. Aliyesonganisha mistari mno aliambulia doa jeusi, maana wino ulijaa katikati.

Picha ya rangi huvunjwa kuwa nukta ndogo mno, takriban mistari 133 hadi 150 ya nukta kwa inchi. Kwenye karatasi ya hadithi nukta hizo zingezama na kuungana. Ilihitajika karatasi laini iliyopakwa kaolini (udongo mweupe laini), tena kila rangi ilikuwa na bamba lake. Karatasi ikisogea hata nusu milimita kati ya rangi na rangi, shavu jekundu hutoka nje ya uso.

Basi picha zilichapwa kando. Mjalidi alipokea mafungu ya kurasa zilizokunjwa, mara nyingi 16, na mahali rahisi pa kubandika picha ni mwanzoni au mwishoni mwa fungu. Kuipachika ndani ya fungu ni kazi ya ziada, yaani gharama. Hadithi ikiangukia katikati, shauri yake.

Ukanda wa gundi ulikuwa wa milimita chache tu, ndiyo maana picha hizi hung'oka kwanza. Ukinunua, zihesabu kwa orodha ya picha, kama ipo. Iliyong'oka ibandike kwa uji mzito wa wanga wa ngano, ukanda wa milimita 3, chini ya uzito usiku kucha. Selotepu usiiguse: huacha doa la kahawia lisilotoka. Na kurasa zenye kaolini zikilowa zikakauka zimegusana, hushikamana moja kwa moja. Ukizibandua, picha hubaki upande wa pili.