Jiki, sabuni na damu sakafuni: maswali ya wahudumu wa zahanati

Damu ikimwagika sakafuni tunaimwagia jiki papo hapo. Kuna kosa?

Lipo. Klorini iliyo ndani ya jiki ikikutana na damu, usaha au matapishi huishiwa nguvu kabla ya kuvifikia vijidudu vilivyo chini. Vaa glavu nene, funika damu kwa vitambaa vya kufyonza, viokote uvitupe kwenye ndoo ya taka zenye maambukizi. Osha pale kwa maji na sabuni, suuza, ndipo umwagie klorini ya 0.5% na kuiacha dakika 10 pakiwa bado pamelowa. Foleni ikiwa ndefu, dakika hizo ndizo huibwa kwanza.

Hiyo 0.5% tunaipataje?

Soma lebo. Gawanya asilimia iliyoandikwa kwa 0.5, kisha toa 1: hivyo ndivyo vikombe vya maji kwa kikombe kimoja cha jiki. Jiki ya 3.5% inataka vikombe 6 vya maji. Ya 5% inataka 9. Klorini ya unga ya 70% ni gramu 7 hivi kwa lita moja. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoharibu: ikiwa nyepesi haiui, ikiwa kali inakula vyuma na kuwasha macho na koo.

Changanya mpya kila siku, andika tarehe na saa kwenye ndoo, funika, weka kivulini, maana jua na joto huimaliza. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi ya sumu.

Tulifundishwa kuloweka mikasi na koleo kwenye klorini kabla ya kuosha. Tuendelee?

Wengi tulifundishwa hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 haupendekezi tena: klorini hutafuna chuma, na damu iliyobaki huipunguza makali. Kifaa kikishatumika, usiache damu ikakauke. Fungua viungo vyake, sugua kwa brashi kikiwa chini ya maji ya sabuni ili yasikurukie usoni, suuza, kausha, kisha kitakase kwa mvuke wa nyuzi 121: dakika 30 kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa, 20 kikiwa bila kitambaa. Anza kuhesabu joto likishafika, si pale unapowasha jiko. Kituo kikiwa bado kinaagiza kuloweka, usipitishe dakika 10, na kusugua kusirukwe.

Nikivaa glavu, lazima ninawe?

Lazima. Glavu hutoboka bila kuonekana, na wakati wa kuvua ndipo vidole huchafuka. Maji na sabuni ni sekunde 40 hadi 60. Kitakasa mikono, sekunde 20 hadi 30, ikiwa mikono haina uchafu unaoonekana. Taulo moja la wote linarudisha ulichoosha.

Sindano ikinichoma?

Osha kwa maji na sabuni. Usikamue, usipake jiki. Toa taarifa saa ile ile: dawa za kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Ulizia pia chanjo ya homa ya ini B. Sindano usiifunike tena baada ya kuchoma, na kisanduku chake kifungwe kikifika robo tatu, kabla mtu hajaanza kuzisukumia kwa mkono.