Kuruka kwenye gemu si kuruka Baikonur

Zanzibar iliwahi kuwa na kituo cha Marekani cha kufuatilia safari za Mercury, mpango wake wa kwanza wa kurusha watu angani, kikafungwa 1964. Leo vijana wetu wanaunda upya roketi za enzi hizo katika Kerbal Space Program, gemu ya kompyuta ya kuunda na kurusha roketi, na wengi wanaamini kwamba ikiruka kwenye kompyuta, basi wahandisi wa zamani walizembea tu. Sivyo kabisa.

Chukua N1, roketi ya Wasovieti ya kwenda mwezini. Kijana mmoja wa Mwanakwerekwe aliiunda mbele yangu: injini 24 duara la nje, 6 ndani, kazi safi mno. Ikapaa bila tabu. Ile ya kweli ilirushwa mara 4 kutoka Baikonur, kituo cha Wasovieti cha kurushia roketi, kati ya 1969 na 1972, na zote zilishindwa.

Sayari yenyewe ni tofauti. Kuizunguka Kerbin, sayari ya kubuni ya gemu hiyo, kwahitaji mwendo wa kilomita 2.3 hivi kwa sekunde. Dunia yataka 7.8. Hilo hurekebishwa kwa programu za nyongeza.

Kubwa ni injini. Kwenye gemu huwaka kila ukiiamuru. Za N1 zilikuwa na vali (vifaa vya kufungua na kufunga njia ya mafuta) za kufyatuka mara moja tu, hivyo injini iliyojaribiwa haikuweza kurushwa tena. Katika kila fungu la sita, mbili zilijaribiwa. Nne zilizobaki zilifungwa kwenye roketi bila kuwahi kuwashwa. Wala hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini yenye injini hizo 30, haikuwahi kuwashwa nzima ikiwa ardhini.

Gemu hupima vyema uzito, mafuta na njia ya kupaa. Vali mbovu haiijui.