Tathmini ya programu za fotogrametria kwa akiolojia ya chini ya maji

Fotogrametria ni ufundi wa kupima kitu kwa kutumia picha zake. Mpiga mbizi huogelea juu ya mabaki ya meli akipiga picha mamia au maelfu, kila moja ikirudia sehemu kubwa ya iliyotangulia. Programu hutafuta alama zilezile katika picha mbalimbali, hukokotoa kamera ilikuwa wapi kila ilipopiga, kisha hujenga umbo la pande tatu. Picha pacha, yaani picha mbili za kitu kimoja zilizopigwa kutoka sehemu mbili tofauti, zilitumika kupima mabaki ya meli huko Yassi Ada, Uturuki, tangu miaka ya 1960, kabla kompyuta haijaichukua kazi hiyo.

Kutathmini programu ya namna hii ni kuuliza swali moja gumu: je, vipimo vyake vinaaminika? Wengi huvutiwa na uzuri wa umbo kwenye skrini, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu umbo linaweza kupendeza huku limepinda.

Maji ndiyo chanzo cha kupinda huko. Mwanga hupinda unapotoka majini na kuingia kwenye hewa iliyo ndani ya kasha la kamera, na kioo bapa cha kasha huvifanya vitu vionekane vikubwa kwa takriban theluthi moja. Programu nyingi hulichukulia hilo kama kasoro ya lenzi na kulisawazisha kwa makadirio. Kwenye eneo refu na jembamba, makosa madogo hulimbikizana hadi sakafu ya bahari iliyo tambarare ikatoka imebonyea kama bakuli. Ripoti ya programu inaweza kuonyesha kosa dogo sana la pikseli (nukta zinazounda picha), na bado umbo likawa si sahihi.

Kwa hiyo jaribio la haki ni hili: programu zote zipewe picha zilezile. Kwa kuwa GPS haifanyi kazi chini ya maji, wapiga mbizi hutega vijiti vya urefu unaojulikana na kupima umbali kati ya alama kwa utepe. Baadhi ya vipimo hivyo programu isipewe kabisa. Vibaki vya kuihukumu. Ziwepo pia picha mbaya, zenye uchafu unaoelea, samaki na mwani unaoyumba, maana ndivyo bahari ilivyo. Wekundu nao humezwa katika mita chache za mwanzo, ingawa hilo huathiri rangi kuliko vipimo.

Miongoni mwa programu hizi, Metashape ni ya kulipia. Meshroom na COLMAP ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote. Bei ina uzito wake, lakini mimi ningetanguliza uwazi: je, programu inatoa mahali pa kila kamera na thamani za lenzi, katika faili zinazosomeka kwingine? Eneo likishachimbwa halirudi lilivyokuwa, na mtafiti wa baadaye atahitaji kurudia hesabu kwa programu ambayo leo haijaandikwa. Picha asili na vipimo vya utepe vihifadhiwe pamoja na umbo lenyewe.