Shaba Ileile, Kichocheo Tofauti

Dhana inayosumbua kuliko zote ni kwamba ukijua asilimia ya shaba iliyomo kwenye kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kuisha, umeshakijua kichocheo chenyewe. Sivyo. Gesi hukutana na shaba kwenye uso wa chembe tu; iliyofichika katikati ya chembe nene haifanyi kazi yoyote. Lowesha alumina, oksidi ya alumini yenye vitundu inayobeba shaba, kwa mmumunyo wa nitrati ya shaba, kisha ikaushe bila uangalifu: maji yanapotoka kwenye vitundu vyake huikokota chumvi hadi nje. Ukichoma, oksidi ya shaba inabaki imerundikana huku, kwingine kutupu. Uzito wa shaba kwenye mizani haujapungua hata kidogo.

Njia nyingine ni kuchanganya mimumunyo hadi itoe mashapo, yaani chembe ngumu zinazojitenga na maji. Wengine hudhani mashapo yakishajitenga, kilichobaki ni kuchuja. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kichocheo cha methanoli cha shaba, zinki na alumina, ambacho kampuni ya ICI ya Uingereza ilikiingiza viwandani miaka ya 1960, huanza kwa kuchanganya chumvi za metali na kaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Joto huwa nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, pH, kipimo cha uasidi, karibu na 7. Kwanza unapata uji wa buluu, usio na fuwele. Endelea kuukoroga kwenye joto hilohilo, usiondoke. Utafika wakati utageuka kijani mbele ya macho yako. Hiyo ni malakaiti, madini ya kijani ya kaboneti ya shaba, inajijenga, na zinki imeingia ndani ya fuwele zake. Baadaye, fuwele zikishachomwa kuwa oksidi, oksidi ya zinki ndiyo itakayozitenga chembe za shaba zisishikamane. Aliyechuja ungali buluu ana kitu kingine mkononi, hata kama vipimo vya metali vinalingana. Asiyesuuza vizuri naye anaacha sodiamu, nayo huzisaidia chembe kuungana.

Wengine husema kuhusu joto la tanuri: “Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085, kwa hiyo 300 haiwezi kuidhuru.” Inaidhuru sana. Chembe ndogo huanza kutembea na kuungana mbali kabisa kabla ya kuyeyuka. Tena hidrojeni inapoigeuza oksidi kuwa shaba, joto huzalishwa hapohapo. Ndiyo maana hidrojeni huingizwa kidogokidogo, imechanganywa na naitrojeni, na tanuri hupandishwa polepole.