Macho ya mbao hayatupiwi tu

Mteja akitaka geti la chuma au ukuta wa sebule uchorwe maua ya mbao, yaani ile mistari na macho ya ubao, kauli yake ni ileile: "Piga mawimbi, halafu tupia macho hapa na pale." Ndiyo maana mji umejaa mageti yenye sura ya pundamilia aliyenyeshewa.

Mawimbi hayapo. Ile mistari ni pete za ukuaji zilizopitiwa na msumeno. Mti wa paini pale shamba la miti la Sao Hill hukua haraka wakati wa mvua na kuweka tabaka pana, jeupe; msimu ukielekea ukingoni huweka tabaka jembamba la kahawia. Na kwa kuwa shina hupungua unene kwenda juu, ubao uliopasuliwa pembeni ya kiini hutoa ndimi zilizochongoka, kwa kawaida zikielekea kileleni. Ubao uliopita kwenye kiini hutoa mistari iliyonyooka. Ukichanganya ndimi za juu na za chini kwenye ubao mmoja, umechora mti ambao ni nadra kuuona.

Jicho nalo ni tawi lililomezwa na shina. Mistari hulikwepa, hubanana ubavuni mwake, kisha hufunguka, haikatizani. Kwa hiyo chora macho kwanza, mistari ifuate. Tena matawi ya paini hutoka kwa mafungu, usawa mmoja, hivyo macho hukaa karibu karibu, kisha hufuata urefu mtupu. Wachoraji wengi huyasambaza kwa nafasi sawa kama vifungo vya shati, na mwanafunzi wangu akifanya hivyo huwa nafuta kazi yote.

Wapo wanaodai eti bila mbao ya mninga hakuna maua ya kuiga. Paini hiyohiyo ya bei ndogo ina weupe na kahawia vinavyopishana wazi kuliko mninga. Vanishi haileti maua, inayakoleza tu. Na ukitaka maua haya yachapwe kwenye kitambaa, picha ya ubao uliyopiga kwa simu haiwi kitenge hivihivi: jicho moja kubwa likijirudia kila mita litapanga foleni kwenye gauni, labda usogeze kila safu kwa nusu.

Mimi nawaambia wanafunzi waache simu. Okota kipande cha paini kwenye viwanda vya mbao Mafinga, kisugue kwa brashi ya waya kufuata nyuzi hadi sehemu laini ibonyee, weka karatasi juu, pitisha krayoni ubapa. Ukipata karatasi kumi za namna hiyo, ule mpira wa kuchorea mbao, unaoburutwa juu ya rangi mbichi, utaubembeza pale tu ulimi unapotakiwa, si kila hatua.